Mdomo Unaoijua Mursik: Mhadhara wa Kuonja Waini, Nakuru

Hamjambo nyote. Nawashukuru wenyeji wetu kwa nafasi hii, na hasa nyinyi wahudumu wa hoteli mliobadilishana zamu ili mfike. Mbele yenu kuna vikombe vitatu. Msiviguse bado.

Nianze na lawama. Madarasa ya kuonja waini mjini kwetu yanaanzia mahali pasipofaa. Mwalimu anafungua chupa, anaizungusha glasi, ananusa, kisha anataja matunda ya Ulaya ambayo wengi wetu hatujawahi kuyatia mdomoni. Watu wanatikisa vichwa kwa adabu. Wakitoka nje, wamehitimisha kwamba waini ni mambo ya wenye pua maalumu.

Pua mnazo. Mtu aliyekulia kwenye mursik, yale maziwa ya Wakalenjin yanayochachushwa kibuyuni, hupiga funda moja akakwambia kibuyu kilisafishwa kwa mkaa vizuri au mkaa umezidi, na maziwa yameiva au yamepitiliza. Pale Mombasa, kwenye biashara ya mnada wa chai, kuna watu wanaolipwa kwa kazi kama hiyo. Wanaivuta chai kutoka kwenye kijiko kwa kishindo, wanaizungusha kinywani, wanaitema, wanaendea kikombe kinachofuata. Sijasikia mtu akiwaita wenye maringo.

Haya, kikombe cha kwanza. Ni strungi iliyoachwa na majani yake mpaka ikakolea, haina maziwa wala sukari. Vuta kidogo, iache kinywani. Fizi zinakaza, ulimi unakuwa mkavu. Hiyo ni tanini. Imo kwenye jani la chai, na imo kwenye maganda na kokwa za zabibu. Waini nyekundu huchachushwa pamoja na maganda, ndiko inakotoa rangi na huo ukavu. Nyeupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza, maganda yakawekwa kando, kisha maji yake ndiyo yakachachushwa.

Cha pili ni maji ya ndimu. Mate yanajaa pembeni mwa ulimi, sivyo? Huo ni uchachu. Cha tatu ni maji ya sukari, hakina siri. Sasa mimina kidogo cha tatu ndani ya cha pili, uonje tena. Ndimu ni ileile, haijaenda popote, ila sukari imeifunika. Ndiyo maana waini tamu inayoagizwa sana katika baa zetu hunyweka upesi: uchachu umo, umevikwa shuka.

Kwa mhudumu, hili ni pesa. Mteja anarudisha glasi akisema, "Hii ni kali, nipe nyingine." Kali vipi? Kama fizi zimemkaza, usimpelekee nyekundu nyingine nzito, mpe nyeupe. Kama ni uchachu, ile nyeupe itamchukiza zaidi, afadhali nyekundu laini au yenye sukari kidogo. Muulize tu: mdomo umekauka au umejaa mate? Atakujibu bila kufundishwa.

Kuhusu harufu, tumieni za kwetu. Waini nyeupe ya zabibu za Sauvignon Blanc hunukia pasheni, mapera, pilipili hoho mbichi, majani yaliyofyekwa asubuhi. Nyekundu ya zabibu za Shiraz huleta pilipili manga na zambarau. Ikiwa imelazwa kwenye pipa la mwaloni, utasikia vanila na moshi, na hapo wale wa mursik watakuwa mbele yetu sote.

Na zabibu hizo mbili hazitoki mbali. Morendat, kule Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii, kuna shamba na kiwanda kinachotengeneza waini ya Leleshwa. Jina ni la kile kichaka cha majani ya kijivu chenye harufu ya kafuri, mnachokiona mkiteremka Bonde la Ufa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hawalifikirii. Sehemu kubwa ya mizabibu ya dunia iko kati ya nyuzi 30 na 50 kutoka ikweta. Rasi ya Afrika Kusini, walikokamua waini yao ya kwanza mwaka 1659, iko kwenye nyuzi 34 hivi. Huko baridi ikija, mzabibu hupukutisha majani ukalala. Naivasha haifiki nyuzi moja kutoka ikweta. Mzabibu haulalishwi na msimu wowote. Ukiachwa utatoa majani mwaka mzima, matawi mengine yana maua na mengine yana matunda. Anayeuamsha ni mkulima, kwa makasi. Anapogoa, na kuanzia siku hiyo anahesabu miezi hadi mavuno, akiomba zabibu zisiive katikati ya mvua, maana ukungu hauna huruma. Kinachomsaidia ni mwinuko: karibu mita 1,900 juu ya bahari. Mchana jua huipa zabibu sukari, usiku wa baridi huutunza uchachu usipotee.

Kwa hiyo, anayetaka kuandaa darasa la waini Nakuru awapeleke watu shambani siku ya kupogoa. Ukumbi wa hoteli uje baadaye. Naivasha inajua kupokea umati tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ingawa, kwa maoni yangu, wiki ya rali si wiki ya kumfundisha mtu kunusa.

Chakula nitakipita haraka: tilapia ya ziwani yenye ndimu na ile nyeupe, nyama choma na Shiraz, na kachumbari yenye pilipili kali isogezwe mbali na nyekundu yenye tanini, itawachoma tu.

La mwisho ni kipimo. Chupa ina mililita 750. Ukimimina 50 kwa kila mtu, inatosha watu 15. Mkionja waini tano ni mililita 250 kwa kichwa, na kwa nguvu ya asilimia 13 hiyo ina kilevi kingi kuliko chupa ya bia ya mililita 500. Wekeni ndoo za kutemea, maji na mkate, na msimpe asiyetimiza miaka 18. Tafuteni leseni ya kaunti mapema. Ile sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita kwa jina la Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha wakati huo, inaziruhusu baa za kawaida kufungua saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana wikendi, kwa hiyo msipange kuonja asubuhi.

Sasa chupa zinaletwa. Anayeendesha gari ateme, na maswali nitayachukua glasi zikipitishwa.