Gofu ya Pwani: Uliza Maji Kwanza

KAMAU: Haya wasikilizaji wetu karibuni tena, mi ni Kamau, niko na dadangu Zuhura hapa Nairobi, na leo ni gofu. Si ile ya Muthaiga ama Karen, hiyo mnaijua, tunaongea ya kushuka Pwani, ile wikendi ndefu begi la fimbo mgongoni na familia nyuma, asubuhi mashimo 18 Diani ama Vipingo, mchana baharini.

ZUHURA: Na mie ndo nimeomba tuiongee, kwa sababu watu wa Nairobi siku hizi wakipanga safari wanauliza kabisa kama hoteli inatunza mazingira, na hilo ni jambo zuri, lakini wakifika wanaonyeshwa mrija wa karatasi na kile kikaratasi cha bafuni cha kukuomba taulo utumie mara mbili, basi wanaridhika. Mrija sina neno nao. Lakini pahali pana uwanja wa gofu swali la kwanza ni maji. Yanatoka wapi, na yakishapita kwa nyasi yanaenda wapi.

KAMAU: Hapo fafanua, ju mtu wa huku juu amezoea kuona kijani mwaka mzima, hata hafikirii.

ZUHURA: Nairobi mna bahati ya hewa. Mko karibu mita 1,700 juu ya bahari, usiku kuna baridi, na zile nyasi za kikuyu ni za hizi nyanda za juu, asili yake ni huku huku, mpaka uwanja wa Riviera kule Los Angeles wanachezea hizo hizo. Pwani ni mambo mengine. Joto, upepo wa chumvi, Januari hadi Machi kaskazi inavuma na mvua hamna, na uwanja wa mashimo 18 kwenye hali hiyo unaweza kunywa lita milioni moja kwa siku na zaidi. Sasa hizo lita ziweke Kilifi ama Mombasa, ambako mkokoteni unapita mtaani na mitungi ya lita 20 na mama ananunua maji ya kupikia. Maji ya mfereji ya Mombasa yanatoka mbali, chemchemi za Mzima huko Tsavo, na Baricho kwa mto Sabaki, na hayatoshi, kila mtu wa Mombasa anajua hayatoshi.

KAMAU: Hoteli itakuambia lakini, sisi tuna kisima chetu, hatugusi maji ya kaunti.

ZUHURA: Kisima ni chao, maji yaliyo chini si yao peke yao. Ardhi ya ufukweni kule ni mawe ya matumbawe, yana matundu matundu, na maji matamu yamelala juu ya maji ya bahari. Ukifunga pampu kubwa ukavuta usiku kucha, chumvi inapanda, na haipandi kwako tu, inapanda mpaka kwa kisima cha jirani mwenye shamba lake la mchicha na minazi miwili mitatu. Na ikishaingia kuitoa inachukua miaka. Mie nimekulia Kilifi, kisima kikigeuka chumvi najua nyumba ile inaanza maisha gani.

KAMAU: Sasa mchezaji afanye nini, ju mi gofu siachi.

ZUHURA: Usiache! Uliza. Kuna nyasi inaitwa paspalamu, hiyo inavumilia chumvi, unaweza kuimwagilia maji ya magadi ambayo mtu hawezi kunywa, na viwanja vingi vya sehemu za joto duniani vimehamia huko. Kuna maji ya bafuni na jikoni ya hoteli yenyewe, yakisafishwa vizuri yanarudi kwa nyasi. Kuna mabwawa ya kukusanya mvua ya masika. Na kuna lile la kupunguza nyasi zenyewe, yaani grini, pale penye shimo, na feawei, ile njia ya kupigia mpira, zimwagiliwe, lakini kule pembeni kwenye rafu acha miti na vichaka vya asili vikae, mpira ukiingia huko utaenda kuutafuta, hiyo ni sehemu ya mchezo.

KAMAU: Hiyo naiunga mkono kabisa, na ukitaka ukweli uwanja mzuri ni ule unajua uko wapi ukiucheza. Vipingo ule uwanja unaitwa Baobab ju mibuyu iko, bahari unaiona kule chini, na ndio umebeba mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open, 2024 alishinda Shannon Tan wa Singapore. Na ile ardhi ilikuwa ya mkonge. Hilo kwangu ni jambo kubwa, ju kujenga kwa shamba la zamani la mkonge na kujenga kwa kukata msitu wa Pwani haiwezi kuwa kitu kimoja, msitu wa Pwani umebaki vipande vipande.

ZUHURA: Kweli, na hapo lazima tumtaje Haller, yule mtaalamu wa kilimo wa Uswisi. Ile migodi ya saruji ya Bamburi huko Mombasa, mawe matupu, jua, maji ya chumvi chini, kila mtu alijua hapamei kitu. René Haller akaanza kupanda 1971, akajaribu aina 26 za miti, zikasimama 3 tu, na mvinje ndo ulishika kabisa. Lakini majani ya mvinje yanaanguka na hayaozi, yanajaa tu. Unajua alifanya nini? Akaleta majongoo! Majongoo wakatafuna yale majani, kinyesi chao kikawa udongo, udongo ukaleta mimea mingine, ndege, wanyama, na leo watoto wa shule wanaingia pale kuangalia twiga na viboko kwenye msitu ambao chini yake kulikuwa shimo la mawe. Kwa hivyo mtu asituambie Pwani haiwezi. Anayetaka kujenga hoteli mpya na aanze kwa ardhi iliyoharibika airudishie uhai, huo ndo utalii naouelewa.

KAMAU: Turudi kwa swali lako la pili, maji yanaenda wapi.

ZUHURA: Baharini. Fatalaiza na dawa unazoweka kwa nyasi, kwa yale mawe yenye matundu, mvua kubwa ikipiga vinateremka chini kwa chini mpaka kwa matumbawe. Naitrojeni na fosforasi zinalisha mwani, mwani unafunika matumbawe, na matumbawe yetu yalishaumia 1998, bahari ilipata joto la El Niño yakageuka meupe pwani nzima. Sasa hapo hapo upande wa Vipingo kuna watu wa Kuruwitu. Wavuvi wenyewe na wazee wao waliona samaki wanaisha, mwaka 2005 wakafunga kipande cha bahari, hekta 30, hakuna kuvua, na haikuwa rahisi kwa mtu ambaye mlo wake unatoka pale kuambiwa asiguse. Samaki wamerudi. Mtu amejinyima namna hiyo, halafu hoteli huku juu imwage fatalaiza ovyo? Haiwezekani, lazima mgeni aulize.

KAMAU: Na mipira jameni. California karibu na Pebble Beach wapigambizi walitoa mipira zaidi ya elfu 50 chini ya bahari. Elfu 50! Ni plastiki ile na inasagika polepole. Kwa hivyo wewe unayependa kusimama ufukweni unapiga mpira kuelekea majini ndio upige picha, tafadhali acha. Na vile vijiti vya kuwekea mpira beba vya mbao.

ZUHURA: Asante.

KAMAU: Kuna msikilizaji ametuandikia Watsapu, anasema kama ni hivyo si gofu ya Pwani ifungwe tu. Mi nakataa. Kuna makedi wanaobeba fimbo pale, kuna wakata nyasi, kuna mama anauza samosa getini, hizo nyumba zinakula kwa huo uwanja. Kedi lipa vizuri, mpe chake mkononi, na toka nje ya hoteli ukale, ju ukilipia kila kitu mkupuo mmoja hapa Nairobi kijiji hakioni kitu.

ZUHURA: Mie sisemi zifungwe. Nasema mpya tusiongeze mpaka maji ya watu yapatikane kwanza.

KAMAU: Kazi je?

ZUHURA: Kazi bila maji ni kazi gani Kamau? Hapo hatutaelewana leo.

KAMAU: Sawa, hiyo tuiache wazi, watu watuandikie. Twende kwa safari yenyewe. Treni, mi napendekeza treni, stesheni ya Syokimau hapa Nairobi mpaka Miritini Mombasa kama masaa matano hivi, fimbo unapanda nazo, na moshi wake kwa kila abiria ni kidogo kuliko ndege. Wa Diani siku hizi mnapita barabara ya Dongo Kundu, hamngoji feri.

ZUHURA: Na mkifika Diani siku moja msicheze. Nendeni Kaya Kinondo, mtafungwa kaniki na mwenyeji wa pale awatembeze msituni, ni msitu wa wazee wa Kidigo na uko kati ya kaya, yaani misitu mitakatifu, za Wamijikenda zilizowekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia 2008. Barabarani angalieni juu, kuna ngazi za kamba za mbega kuvukia, msikimbize gari. Na msiwape chakula, hata wakikaa pale karibu na grini wakikuangalia.

KAMAU: Mi nina buking ya Agosti sijalipa bado. Naandikia hoteli leo jioni, namuuliza meneja maji ya uwanja ni ya wapi na nyasi ni gani, jibu nitawasomea hapa wiki ijayo neno kwa neno.

ZUHURA: Muulize pia fatalaiza wanaweka mara ngapi kwa mwaka.

KAMAU: Naongeza hiyo.