Tunasafirisha Machicha ya Nazi Mpaka Pugu
(Mazungumzo na wakazi wa mtaa mmoja, Dar es Salaam)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, wajumbe wa mashina, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni, ahsanteni kwa kuja.

Nimeitwa nizungumzie gari la taka. Najua kwa nini: limekawia, viroba vimerundikana pale kwenye kona, na harufu mnaipata hata mkiwa mmekaa humu ndani. Nitalifikia gari. Niruhusuni nianzie Tabata.

Vijana hamkuikuta Tabata ya dampo. Miaka ya 1980 taka za jiji hili zilikuwa zikimwagwa pale na kuchomwa, moshi unaingia majumbani mwa watu. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu kulishtaki Jiji, wakashinda. Jiji likaomba muda wa kuendelea kumwaga pale, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Naiheshimu sana kesi ile. Watu wa kawaida walisimama wakasema vifua vyetu si jalala, na sheria ikawasikiliza.

Lakini zifuateni taka zenyewe. Zilitoka Tabata zikaenda Vingunguti. Zikatoka Vingunguti zikaenda Mtoni. Mtoni pakajaa, sasa ni Pugu Kinyamwezi. Kila lilikohamia dampo lilikuta watu wengine wenye vifua vilevile. Na safari imerefuka: kutoka katikati ya jiji mpaka Pugu Kinyamwezi ni kilomita 30 hivi, katika foleni mnayoijua. Masika ikishika, barabara ya kuingilia dampo huwa matope, gari likinasa siku imekwisha. Huku nyuma tunaongezeka. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 4.36 mkoa mzima, ya 2022 milioni 5.38. Zaidi ya watu milioni moja ndani ya miaka kumi, na kila mmoja anakula.

Sasa gari hilo linabeba nini? Zaidi ya nusu ya taka za majumbani kwetu ni mabichi ya jikoni: maganda ya ndizi na viazi, machungwa, vikonyo vya mchicha, machicha ya nazi, ukoko. Vitu hivyo vimejaa maji, na maji ni mazito. Yaani tunachangishana ada, dizeli inanunuliwa, tairi zinaisha, ili machicha ya nazi yasafirishwe mpaka Pugu! Yakifika yanafukiwa chini ya mengine, yanaoza bila hewa, yanatoa gesi inayoshika moto. Moshi ule wa dampo ambao watu hudhani ni mtu kachoma, mara nyingine umeanzia jikoni kwetu.

Na mabichi ndiyo yanayoharibu kila kitu. Boksi likilowa mchuzi halinunuliki. Chupa ya maji inayouzwa kwa kilo, tukiichanganya na utumbo wa samaki, yule kijana anayepita na kiroba begani lazima aingize mkono humo ndani kuitafuta, na humo mna vioo na nyembe. Nimewahi kumwona kijana mmoja amefunga kidole kwa kipande cha sandarusi, anaendelea kuchambua. Sijaisahau sura yake.

Kwa hiyo ombi langu ni moja: tutenge mabichi na makavu palepale jikoni, kabla havijakutana.

Nyumbani kwangu tuko familia nne uwanja mmoja. Wiki ya kwanza ilitushinda. Ndoo ya mabichi iliingia funza, mpangaji mmoja akaniambia, "Mama, hii ndoo itatuletea kipindupindu." Alikuwa na haki. Kosa letu lilikuwa kuacha mabichi wazi. Tukaenda kwa fundi seremala, akatupa maranda bure. Kila ukimwaga maganda, unafunika kwa konzi mbili za maranda au majani makavu. Harufu ikakatika. Ikijaa tunamwaga kwenye shimo la kivulini, tunageuza kwa jembe kila wiki, na baada ya miezi mitatu hivi ni mboji nyeusi, inanukia kama udongo wa mvua ya kwanza. Nyama, samaki na vyakula vya mafuta hatuweki humo, vinaita panya. Ndoo ile hujaa kila siku, lakini kiroba cha makavu huchukua zaidi ya wiki. Hapo ndipo nilipoelewa gari letu linachoka na nini.

Asiye na uwanja asikate tamaa. Kata ya Bonyokwa wanalifanya kwa pamoja: ushirika wa wakusanya taka unapita nyumba kwa nyumba, shirika la Nipe Fagio likiwa nao, na mabichi yanageuzwa mboji hukohuko. Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kinachopokea taka za masokoni. Mwenyekiti, sisi tunaweza kuanza na guta moja la kubebea mabichi, na wafuga kuku wetu wa kuyapokea.

Na lile la kumwaga taka mtaroni mvua ikinyesha usiku, tuliache. Maji hayazipotezi, yanazipeleka Mto Msimbazi, na Msimbazi ukiziba unaingia kwenye nyumba za watu Jangwani.

Kuna mama kaniuliza hapa mbele, na pampasi je? Mama yangu, pampasi hazifai mboji na hazina mnunuzi. Zifunge vizuri, uziweke pembeni. Hizo ndizo zinazohitaji gari.