Pikapu Moja kutoka Mikweche Mitatu

Mabibi na mabwana, karibuni.

Mtu anayekokota mikweche mitatu ya pikapu ili atoe gari moja zima huogopa kutu kuliko kitu chochote. Kutu inaonekana kwa macho: utaikata, utachomelea bati jipya, yamekwisha. Kinachoikalisha kazi juu ya mawe miezi na miaka ni pale spea ya mwaka huu inapotakiwa kukutana na spea ya mwaka ule, na mbili hizo hazijawahi kujuana. Leo nitazungumzia makutano hayo, na mfano wetu ni Chevrolet 3100 ya nusu tani, iliyotengenezwa kuanzia 1947 hadi mapema 1955.

Ukiziona kwa mbali, 3100 zote ni mapacha. Fungua milango ndipo utajua. Za mwanzo kabisa tenki la mafuta liko chini ya bodi ya mizigo. Kuanzia 1949 limehamia ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Ukipandisha kabini ya 1948 kwenye chasisi ya 1950, tundu la kujazia mafuta halipo. Mwaka 1951 breki zilibadilishwa kutoka aina ya Huck kwenda Bendix, na milango ikapata vioo vidogo vya pembe tatu. Mwaka uliofuata vishikio vya mlango vikawa vya kubonyeza. Ilipofika 1954, kioo cha mbele cha vipande viwili kikawa kimoja, grili ikabadilika, kuta za bodi ya mizigo zikarefuka na injini ikawa nyingine.

Kwa hiyo, kabla hujashika spana, chagua mkweche mmoja uwe mkuu. Kwa kawaida ni ule wenye chasisi nzima na namba zinazosomeka. Mwaka wake ndio mwaka wa gari. Spea yoyote itakayotoka kwenye mikweche mingine ijibu swali moja: inaingia kwenye huyu mkuu bila kukata kitu? Kama haiingii, andika kwenye kipande cha bati kinachohitaji kubadilika, ukifunge kwa waya kwenye spea yenyewe. Kichwa kitasahau, bati halitasahau. Na hizo namba zilinganishwe na karatasi za umiliki mapema, maana baadhi ya majimbo ya Marekani yaliandikisha magari ya zamani kwa namba ya injini, nawe huenda injini hiyo umeshaitupa.

Twende kwenye chasisi. Ipandishe juu ya stendi nne kwenye sakafu iliyosawazishwa kwa pima maji. Chukua timazi, shusha kutoka kwenye matundu yanayofanana kushoto na kulia, weka alama za chaki sakafuni, kisha sogeza chasisi pembeni na upime alama. Mishazari miwili ya kila sehemu isipishane zaidi ya milimita 3. Ikizidi hapo chasisi imevutwa kiubavu, na gari litakwenda upande kama kaa hata ukilipangia matairi mapya. Umbali kati ya ekseli za 3100 ni inchi 116, yaani sentimita 295 hivi. Upime pande zote mbili.

Ribiti za mihimili ya kukingama zilizolegea zinajionyesha: kutu nyekundu laini kama unga inazunguka kichwa cha ribiti. Usizichomelee. Kata kichwa, toa ribiti, nyoosha tundu kwa rima, halafu funga bolti ya daraja la 10.9 inayoingia kwa kubana. Na ufa wa chasisi usizibwe kwa mstari mmoja wa wima, maana chuma kitakatika tena pembeni mwa mchomeleo. Kiraka kikatwe umbo la almasi ili mzigo ugawanyike.

Sasa injini, na hapa nitakaa kidogo. Injini ya 216 (ukubwa wake kwa inchi za ujazo) iliyokuja na gari hizi hadi 1953 haina beringi za kubadilisha kwenye konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki. Metali laini ya babiti imemiminwa ndani ya konrodi yenyewe, na nafasi inarekebishwa kwa kutoa au kuongeza shimu nyembamba. Oili haifiki pale kwa presha ya krenki. Chini ya kila konrodi kuna kijiko kidogo kinachochota oili kutoka kwenye vihori vya sampu, lile karai la oili chini ya injini. Injini ikienda kasi, nozeli hurusha oili kuelekea vijiko hivyo. Anayetoa sampu na kuligonga likapinda, au akasogeza nozeli wakati wa kusafisha, ameinyima konrodi oili bila kujua. Geji ya presha ya oili haitamwambia, kwa sababu oili ya vijiko haipiti kwenye geji.

Ndiyo maana wengi huitamani 235 ya 1954 na kuendelea, yenye beringi za kawaida na presha kamili. Ni chaguo zuri, nami ningelitetea mbele ya wapenda asili wote. Ila lina ada zake. Geji ya zamani inaishia 30, nayo 235 yenye afya huilaza sindano mwisho. Tafuta ile ya 1954 inayofika 60. Kwenye 235 za 1955 na baadaye feni haikai mahali pa zamani nyuma ya redieta, hivyo hufungwa kibati cha kati ili pampu ya maji ya 216 iweze kukaa. Kisha hesabu meno ya flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini linalozungushwa na stata: ya volti 6 ina meno 139, ya volti 12 ina 168. Stata ya mojawapo ikifungwa kwa nyingine itasaga meno siku ya kwanza, na meno ya flaiwili hayana huruma.

Injini iliyoganda usiipigie nyundo. Toa plagi, mimina kwenye kila silinda vijiko vinne vya chakula vya mchanganyiko wa oili ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Iache siku kadhaa, mbali na moto, kisha ijaribu taratibu kwa wenzo kwenye meno ya flaiwili, mbele na nyuma. Ikiachia, usishangilie kwanza: kagua ubavu wa bloku, kwenye njia za maji. Maji yaliyoganda wakati wa baridi huacha ufa mrefu wa mlalo chini ya rangi, na bloku la namna hiyo halifai hata kwa bure.

Nyuma ya giaboksi kuna mtego mwingine. Hadi 1954 shafti ya propela ya 3100 imefungiwa ndani ya bomba, na bomba ndilo linaloisukuma gari mbele. Difu (gia za ekseli ya nyuma) ya shafti ya wazi haiwezi kuunganishwa na giaboksi ya bomba. Ama unahamisha vyote, ama huhamishi kimoja. Na ukibaki na bomba, weka sili mpya kwenye tufe la chuma la kiungo chake cha mbele. Ikichoka, oili ya giaboksi husafiri ndani ya bomba hadi kwenye difu. Difu hujaa kupita kiasi, oili hutokea kwenye magurudumu na kulowesha breki za nyuma. Fundi asiyejua hubadilisha sili za ekseli mara tatu huku tatizo liko mbele.

Breki nazipita haraka: usitumie tena hata inchi moja ya bomba la zamani, wala hosi. Drami ikichongwa, isizidi milimita 1.5 juu ya kipenyo cha asili. Viatu vya Huck haviingii kwenye sahani za Bendix, kwa hiyo chukua seti nzima ya gurudumu kutoka mkweche mmoja.

Kwenye umeme kosa ni moja, linarudiwa kila mahali: kufunga kebo za betri za volti 12 kwenye gari la volti 6. Kwa kazi ileile volti 6 inahitaji mkondo maradufu. Kebo ileile itapoteza volti mara mbili, kutoka kwenye volti zilizo nusu. Hasara inakuwa mara nne. Stata inazunguka kwa uvivu, mtu analaumu betri. Weka kebo ya milimita za mraba 50 au zaidi, na kwangua rangi pale waya wa ardhi unapogusa chasisi.

Kabini huja mwisho, lakini isikatwe hewani. Ifunge kwenye chasisi kwa raba zake, ning'iniza milango, pima mwanya pande zote, kisha chomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango kabla hujakata sakafu iliyooza. Bati la milimita 1.2 linatosha. Choma nukta, ruka upande wa pili, rudi. Ukivuta mstari mrefu bati litajikunja kama jani kavu.

Siku ya kuwasha, toa plagi zote, zungusha kwa stata hadi sindano ya oili ipande, ndipo uzirudishe. Iwashe, iache dakika ishirini, sikiliza chini ya sampu. Ikipoa, kaza upya bolti za hedi kwa mpangilio wake, kuanzia katikati kwenda nje, na urekebishe valvu.

Nadhani kuna mkono pale nyuma. Karibu na swali.