Chungwa la Muheza na pafu la mvuvi

Chekeni tu. Chungwa hili la Muheza nimelinunua Ngamiani asubuhi, na nikimaliza nitalila. Kwanza litazameni, maana mimi mpasuaji nataka kuwaonyesha tukate kiasi gani cha pafu lenye saratani. Pafu la kulia lina mapande matatu, la kushoto mawili. Ndani ya kila pande mna vipande, kila kimoja na njia yake ya hewa na mshipa wake wa damu, kama hivi vya chungwa kila kimoja na ngozi yake. Mpasuaji anayeijua mipaka hukitoa kimoja, wenzake wakabaki.

Sasa mzee mmoja, mvuvi wa Sahare, alinijia na picha ya CT scan. Uvimbe sentimita moja na nusu, pembeni kabisa. Akasema, "Mwanangu, ng'oa pafu lote, nisirudi tena kwenu." Nikamwuliza, "Mzee wangu, ubao mmoja wa mashua ukioza, unaichoma mashua?" Akanitazama. "Ubao nauona. Huo uvimbe wako nauona wapi?" Alinishinda, nakiri.

Hata sisi madaktari tulianza na pafu lote. Mwaka 1933 Evarts Graham, kule St. Louis, Marekani, alimtoa daktari mwenzake pafu zima la kushoto, na mgonjwa akapona. Graham mwenyewe, mvutaji sigara hodari, saratani ya mapafu ikamwua 1957. Mgonjwa wake alikuwa bado hai! Wavutaji wa mstari wa nyuma, nawaona.

Baadaye tukatosheka na pande moja. Mwaka 1995 utafiti ukaonyesha kwamba ukikata chini ya hapo, saratani hurudi palepale mara nyingi zaidi, mjadala ukafungwa. Wajapani wakaufungua 2022: wagonjwa 1,106, uvimbe usiozidi sentimita mbili. Baada ya miaka mitano, waliotolewa kipande walikuwa hai asilimia 94.3, waliotolewa pande 91.1. Ngoja, usipige makofi bado: saratani kurudi palepale kulikuwa asilimia 10.5 kwa waliotolewa kipande, 5.4 kwa waliotolewa pande. Hayo ndiyo niliyompimia mzee, pamoja na pumzi zake kwenye mashine.

Mtasema hao ni Wajapani. Haya, wa kwetu sentimita mbili ziko wapi? Anafika uvimbe kama hili chungwa, nusu mwaka yuko kwenye dawa za TB ambayo hakuna aliyeiona kwenye makohozi. Huyo nimchagulie nini, kipande au pande?

Upasuaji wa kamera na matundu madogo nauruka, mwenyekiti ameshaniangalia mara tatu. Ila aliyemaliza dawa za TB na bado anakohoa damu, mrudisheni akapigwe picha, wiki hii.