Ludovick, Aloyce, Louis: njia za jina moja la Wafaranki

Mabibi na mabwana,

Ludovick, Aloyce, Louis na Lewis ni jina moja. Asili yake ni Wafaranki, watu wa Kigermanik wa pande za mto Rhine, na kwao lilitamkwa karibu na Hludwig. Lina vipande viwili: hlud, yaani mwenye kusikika, mwenye sifa, na wig, yaani vita. Vitabu vingi vya majina hukimbilia kusema "shujaa mashuhuri wa vita". Hapo hupotoka. Wagermanik walichukua kipande kwa mzazi au jamaa mmoja, wakakiunga na kingine, mtoto ajulikane ni wa ukoo gani. Maana ya jumla haikuwa lazima. Ndiyo sababu ukoo wa kifalme wa Wamerovingi umejaa hlud: Chlodio, Chlodomer, Chlothar, na mkubwa wao Klovis, aliyefariki mwaka 511. Klovis ni Ludwig huyohuyo. Ile h ya mwanzo ilikwaruza koo kama kh ya "kheri", na waandishi wa Kilatini wakaiwekea ch: Chlodovechus.

Mwaka 778 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, alipata mapacha wa kiume, akawaita Ludwig na Lothar. Yeye hakuwa wa ukoo wa Klovis. Baba yake, Pipino, ndiye aliyemwondoa mfalme wa mwisho wa ukoo ule mwaka 751. Majina yale aliyatwaa kusudi, ili watoto wake waonekane warithi halali. Lothar alikufa mdogo, Ludwig akarithi milki. Kwake ndiko Wafaransa wanakoanzia kuhesabu mpaka Louis wa 18. Klovis wanamhesabu kando.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni Kiapo cha Strasbourg cha tarehe 14 Februari 842, ambapo wajukuu wawili wa Karolo, mmoja wao akiitwa Ludwig, waliapa kwa lugha mbili mbele ya majeshi yao. Upande wa lugha iliyozaa Kifaransa tunasoma Lodhuvigs. Upande wa Kijerumani, Ludhuwig. H ya mwanzo imekwisha kuanguka pande zote mbili. Sasa itazameni ile dh ya upande wa Kifaransa, muisome kama dh ya "dhahabu". Imekaa kati ya irabu mbili, mahali ambapo Kifaransa hulegeza konsonanti. Ikalegea mpaka ikatoweka, jina likawa Looïs, kisha Louis. Kijerumani kilishika d yake, tukapata Ludwig. Kwingine sitakawia: Luigi Italia, Luis Hispania, Ludwik Poland, Lajos Hungaria.

Aloyce je? Kusini mwa Ufaransa lilikuwapo umbo Aloys, ambalo kwa Kilatini likawa Aloysius. Mjesuiti Gonzaga, aliyezaliwa mwaka 1568 na kufariki 1591, nyumbani kwao Italia aliitwa Luigi. Kanisa likamwandika Aloysius, likamtangaza mtakatifu mwaka 1726. Kwa njia hiyo jina likafika kwa Wakatoliki wa Tanzania.

Anayetafuta jina la babu katika daftari la ubatizo la zamani aanze na Kilatini, maana ndicho kilichoandikwa humo: atafute Aloysius na Ludovicus, yote mawili. Kisha aulize sikukuu ya somo wake, yaani mtakatifu wa jina lake. Ikiwa 21 Juni, somo ni Gonzaga. Ikiwa 25 Agosti, ni mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa, aliyefariki karibu na Tunis mwaka 1270. Tarehe hiyo husaidia kuliko tahajia, kwani padre aliweza kuandika Ludovicus kwa mtoto ambaye nyumbani aliitwa Luis.

Mitego miwili. Leopold halihusiani na Ludwig: kipande chake cha kwanza ni liut, watu. Na Lewis wa Wales mara nyingi ni Llywelyn, jina la Kiwelisi lililobadilishwa kwa kufanana sauti tu. Kabla ya kumpeleka Lewis wa Wales kwa Wafaranki, tazameni kwanza baba na babu yake waliandikwaje.