Kampuni ilipe ada, kura ibaki kwa mwongoza watalii

(Mhadhara uliotolewa Bagamoyo kwenye mkutano mkuu wa chama cha waongoza watalii)

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati, wazee wangu mlioketi mbele, na vijana mlioegemea madirishani kwa kuwa viti vimekwisha: assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na wengine wote habari za asubuhi.

Mmeniita kwa sababu nilikuwa afisa ushirika, na mstaafu hakatai kuitwa. Kuhusu utalii sina la kuwafundisha. Nimekuja kuzungumzia rasimu ya katiba mliyonitumia, hasa kile kifungu cha uanachama. Kinasema kwamba kuanzia mwaka ujao mwanachama wa chama hiki hatakuwa tena mwongoza watalii mwenyewe. Mwanachama atakuwa kampuni, hoteli au taasisi anayoifanyia kazi. Taasisi italipa ada moja, itateua mwakilishi mmoja, na huyo ndiye atakayekuja hapa kupiga kura.

Walioandika kifungu hiki nawaelewa. Mweka hazina alinifungulia kitabu cha stakabadhi. Kuna jina, kuna kiasi, halafu pembeni kwa kalamu nyekundu: "atamalizia". Mstari unaofuata: "atamalizia". Ukurasa mzima unashuka hivyo mpaka chini. Na anayemdai ni jirani yake, wanakutana sokoni, wanakutana msikitini, msibani, atamkaba vipi? Akiandika ankara moja kwa kampuni, italipwa kwa benki na hakuna atakayemnunia.

Tupige hesabu ya mfano tu. Chama chenye watu 60, kila mmoja ada ya shilingi 20,000, kingepata 1,200,000 kama wote wangelipa, na hawalipi wote. Kampuni nane zikitoa 200,000 kila moja, ni 1,600,000, na simu zilizopigwa ni nane tu. Kwa upande wa fedha hoja imekwisha, wala sina haja ya kuipinga.

Ila rasimu imefunga vitu viwili katika kifurushi kimoja. Nani alipe ni swali la mweka hazina. Nani apige kura ni swali la chama hiki ni cha nani. Kifungu kimejibu la pili kwa kulipita kimya kimya, kikijificha nyuma ya la kwanza.

Nimesikia humu mtu akisema, "Mbona ushirika ndivyo ulivyo, vyama ndivyo wanachama wa chama kikuu?" Kweli. Na mfano mzuri uko Kilimanjaro. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa walianzisha chama chao, KNPA, na humo mkulima mwenyewe ndiye aliyekuwa mwanachama. Ikaja sheria ya ushirika ya 1932, muundo ukageuzwa. KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanza 1933, ilikuwa na vyama vya msingi kama wanachama wake, na mkulima akawa mwanachama wa chama chake cha msingi huko kwao. Ndiyo mageuzi mnayotaka kuyafanya, au ndivyo yanavyoonekana ukiyatazama kwa mbali.

Yalisaidia. Kahawa ilikusanywa kwa mpangilio na KNCU ikasimama miaka mingi. Lakini mwaka 1937 ghasia zilizuka mlimani, majengo ya chama yakashambuliwa na wakulima wale wale ambao chama kilikuwa chao. Bei ilikuwa mbaya, na walikuwa wanalazimishwa kuuza kupitia chama. Siutupii muundo lawama yote. Naona tu kwamba mkulima mwenye uchungu alikuwa na ngazi ya ziada ya kupanda kabla sauti yake haijafika juu, na asiyesikika mlangoni hupitia dirishani.

Sasa sikilizeni tofauti, maana hapa ndipo mfano wa ushirika unapowaacha mkono waandishi wa rasimu. Chama cha msingi ni mkusanyiko wa watu. Kina mkutano wake mkuu, kila mtu ana kura moja, awe na miche kumi ya kahawa au elfu. Mjumbe anayekwenda chama kikuu amechaguliwa na hao watu, na akirudi na upuuzi wanamwondoa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 imeshika msingi huo huo. Nendeni kwa waandishi wa habari: UTPC ni umoja wa klabu za mikoa, mwandishi mmoja mmoja hana kura kule, lakini ana kura kwenye klabu ya mkoa wake. Nendeni kwa wafanyakazi: TUCTA ni shirikisho la vyama, na kila chama kina matawi yanayochagua viongozi wake. Hata mpira. Shabiki akipiga kelele kwamba TFF haimsikii, tunamwambia wapigakura wa TFF ni vyama vya mikoa, klabu za Ligi Kuu na vyama vya makocha, waamuzi na wachezaji. (Shabiki haridhiki na jibu hilo, na simlaumu.)

Je, kampuni ya utalii ina mkutano mkuu wa waongoza watalii wake? Mwongoza watalii wa kampuni anamchagua mwakilishi? Hamchagui. Mwenye kampuni anamteua, na mara nyingi atajiteua mwenyewe au atamtuma meneja. Wenye kampuni wana chama chao, TATO, kina makao yake Arusha, na wanachama wake ni kampuni. Hicho ni chama halali na kina kazi yake. Mkipitisha kifungu hiki mtakuwa mmetengeneza kingine cha aina hiyo hapa Bagamoyo: chama cha waajiri kilichovaa jina la waajiriwa.

Mnaona nimekaza sauti. Ngoja niwapeleke kwenye ajenda, kwa sababu katiba haiumi mpaka ifike kwenye ajenda. Tuseme mwakani ajenda namba nne ni kiwango cha chini cha malipo ya mwongoza watalii kwa siku. Nani yuko ukumbini? Meneja wa kampuni hii, meneja wa hoteli ile. Kila shilingi elfu tano itakayoongezwa inatoka mfukoni mwao. Mtu mwema kabisa, anayewapenda, anayewanunulia chakula cha mchana, atainua mkono gani? Na ninyi mtakuwa nje mnasubiri matokeo, mkiwa mmevaa fulana za chama.

Halafu yuko yule asiye na mwajiri. Hapa Bagamoyo ndio wengi, tusidanganyane. Anayesimama asubuhi karibu na Ngome Kongwe, anayengoja basi kwenye Caravan Serai, anayeitwa leo na kampuni ya Dar es Salaam na kesho na mgeni aliyekuja mwenyewe kwa daladala. Rasimu inamwambia ajiunge kupitia taasisi. Taasisi gani? Ipo aya inayosema "wanaojitegemea wanaweza kujiunga na taasisi yoyote kwa makubaliano". Maana yake atamwendea mwenye kampuni kumwomba uanachama wa chama cha taaluma yake mwenyewe. Wazee wastaafu waliowafundisha nusu yenu kazi, hao aya haikuwakumbuka kabisa.

Na kumbukeni 2020. Mwaka 2019 watalii waliokuja nchini walizidi milioni moja na nusu. Mwaka uliofuata, kwa corona, wakashuka hadi laki sita na ushei. Kampuni zilifunga ofisi, magari yakaegeshwa. Chama ambacho wanachama wake ni kampuni kingepoteza wanachama mwezi ule ule ambao watu walihitaji chama kuliko wakati wowote. Mtu akiachishwa kazi ndipo anapohitaji wenzake, na rasimu hii inamtoa chamani siku ile ile anayotolewa kazini.

Kuna jambo la maadili, ambalo kwangu ni zito kuliko ada. Juzi nilikuwa pale Misheni ya Katoliki, nimekaa kivulini. Kijana mmoja anawaeleza wageni kwamba Livingstone alihubiri pale, chini ya mti ule, akanyoosha na kidole. Mgeni mmoja akaandika. Jamani! Aliyeanzia safari hapa ni Stanley, mwaka 1871. Livingstone aliletwa Bagamoyo Februari 1874, akiwa maiti, amebebwa kutoka Chitambo, Zambia ya leo, na watumishi wake akina Susi na Chuma na wenzao, akalazwa hapo Misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Kisa cha kweli kinashinda uongo wowote wa mtini, na kijana anakiacha.

Sasa kijana huyo chama kimfanye nini? Leo, kwa katiba mliyonayo, kamati ya maadili inamwita kwa jina, inamwonya, inampeleka akasome, akikaidi inamsimamisha. Kwa rasimu hii yeye si mwanachama. Mnaweza kuiandikia kampuni barua. Kampuni itasema itachunguza, na kama kijana analeta wateja barua italala kwenye droo. Taaluma inakaa ndani ya mtu. Sheria ya Utalii ya 2008 yenyewe imeitenga kazi ya kuongoza watalii iwe ya Watanzania, kazi inayofanywa na mtu kwa mdomo na miguu yake, na akihama kampuni anahama nayo.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kampuni zilipe. Ziandikiwe ankara moja, zilipe kwa mkupuo kwa niaba ya watu wao, na zinazoleta watu wengi zipewe punguzo. Hakuna jipya hapo: mawakili wengi hulipiwa ada na ofisi zao, lakini kura ndani ya TLS, chama chao cha mawakili, ni ya wakili. Stakabadhi itoke kwa jina la mwongoza watalii. Akiacha kazi mwezi wa pili, uanachama wake unaendelea mpaka mwaka uishe, hata kama aliyelipa amekasirika. Hiyo sentensi ya mwisho iandikeni ndani ya katiba kama nilivyoisema, msiiache kwenye kanuni, kwa sababu ndiyo itakayopigwa vita.

Kampuni zenyewe zikitaka kuingia, zikaribishwe kama wanachama washiriki. Wakae, wachangie mawazo, wadhamini mafunzo, wapate nembo ya kubandika kwenye gari. Kura wasiwe nayo. Najua mtu atasema hawatakubali kutoa fedha bila kura, mwenye kisu kikali ndiye anayekula nyama. Jaribuni. Wanachonunua ni orodha ya waongoza watalii waliopimwa na wanaoweza kuwajibishwa, na mgeni akilalamika kampuni iwe na pa kwenda. Kwa mwenye kampuni makini hiyo ni bei nafuu. Asiyeitaka mpaka apewe na kura, basi alikuwa anataka kura tangu mwanzo, na ni afadhali mmejua mapema.

Wanaojitegemea walipe kwa awamu kwa simu, kidogo kidogo kila mwezi wa msimu. Wastaafu nusu ada na kura kamili.

Utaratibu sitaurefusha. Kama mmesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, katiba iliyorekebishwa inakwenda kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, pamoja na muhtasari wa mkutano huu wenye saini za waliohudhuria. Kwa hiyo Katibu, ile karatasi ya mahudhurio inayozunguka isije ikaishia mfukoni kwa mtu. Na kifungu cha uanachama kipigiwe kura peke yake, kisiunganishwe na kile cha kuongeza posho ya kamati, maana nimeona mmeviweka ukurasa mmoja.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Mama yule wa kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja ukurasa wa "atamalizia". Nadhani anataka kujua kama wanaodaiwa ada watapiga kura leo, na hilo linawahusu ninyi na katiba ya sasa, mimi silimo.