Boti Ni Yenu, Sasa Bandarini Mnalipa Nini?

Haya jamani, habari za huko nyumbani. Leo hakuna machweo ya jua, maana nikiyaonyesha naambiwa najidai. Swali ni lilelile chini ya kila video: "Boti ni yenu, bandarini mnalipa nini?" Na mdogo wake: "Mbona mmefunga tu, hamsafiri?" Kwa mgeni: tunaishi ndani ya boti yetu, na baridi hii tumeifunga bandarini. Nalijibu leo mara moja. Nikitaja pesa, sijigambi. Nikitaja shida, silalamiki. Mwenye kutaka kukasirika akasirike taratibu.

Boti ni yetu, gati si letu. Hapa Ugiriki, upande wa bahari ya Ionia, unalipia urefu, na urefu wanaoupima wao unaanzia kwenye nanga iliyochungulia omo, yaani mbele, hadi kwenye vyuma vya kubebea kijiboti huko tezini, yaani nyuma. Boti iliyoandikwa mita 12 kwenye cheti inatoka 13 bila shida, na hapo umeshapanda daraja la bei. Ya mitumbwi miwili, katamarani, inalipa mara moja na nusu au hata mara mbili. Halafu VAT asilimia 24. Maji na umeme vina mita zake, mbali. Ndiyo maana watu huandikia bandari tatu nne mapema, kiangazi hakijaisha, wakauliza bei ya mkataba wa baridi, Oktoba hadi Aprili, na wakauliza kwa maandishi kama VAT imo ndani. Neno "imo" limewaponza wengi.

Kuna pia kodi ya serikali ya kutembea majini, TEPAI, ilianza 2019 kwa boti zinazozidi mita 7. Inalipwa mtandaoni. Hiyo haina maneno mengi.

Penye maneno ni makaratasi ya watu na ya boti, kwa sababu kila moja ina saa yake. Mtu asiye wa Umoja wa Ulaya: anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180 katika Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa mipaka kati yao, hesabu inarudi nyuma kila siku, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zimo. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo ule utani wa "labda hawataona" umekwisha. Mwenye pasipoti ya Uingereza yuko kwenye 90 hizohizo baada ya wao kujitoa Umoja wa Ulaya, ila haombi viza. Mwenye ya Tanzania anaomba, euro 90, ukinyimwa hazirudi. Na kwa kuwa sheria ya kwetu hairuhusu uraia pacha, Mtanzania anachagua kimoja, wakati Mkenya ana pasipoti mbili kwenye droo moja. Hapo naomba ninyamaze, maana nikianza hatumalizi.

Boti nayo: ikiwa na bendera ya Uingereza, na mwenyewe ni mkaazi wa nje ya Umoja wa Ulaya, inakaa miezi 18 bila kulipiwa VAT. Kabla haijaisha inatolewa nje ya maji yao, kutoka hapa ni kuvuka tu toka kisiwa cha Corfu hadi Sarandë, Albania, kisha inarudi na miezi 18 mipya. Tunza risiti ya bandari ya Albania yenye jina la boti na tarehe, ndiyo ushahidi wako. Na angalia viza kwanza: ikiwa ya kuingia mara moja tu, umeokoa boti na wewe umebaki nje.

Sasa mtego wenyewe. Mnaniandikia, "chukueni kibali cha ukaazi, mmalize." Ukipata ukaazi wa Ugiriki, saa ya mtu inasimama, lakini ile nafuu ya miezi 18 inakufa palepale, kwa sababu ni ya wasio wakaazi. Boti inahesabiwa kama mzigo ulioingizwa nchini, asilimia 24 ya thamani yake. Kuna wanaoona inawalipa, kuna wasioona. Kila mtu na mfuko wake, mimi simshauri mtu.

Mchana kutwa mnafanya nini? Tunapigana na maji. Si ya baharini, ya ndani. Watu wawili wakipumua, wakipika na kuanika, mvuke wote unakwenda kugota kwenye dari baridi, unatiririka hadi chini ya godoro. Mwezi mmoja tu, kuvu nyeusi. Weka vipande vya mbao chini ya godoro hewa ipite. Maharage yapikwe kwenye sufuria ya presha, si saa mbili mfuniko wazi. Mashine ya kukausha hewa nunua ile ya kemikali ya kunyonya unyevu, kwa sababu ya kompresa huchoka kwenye baridi.

Na umeme wa kuendeshea hayo yote ni ampia 16 kwa volti 230, yaani wati 3,680, basi. Hita 2,000, birika 2,000: umeshazidi, breka inaweza kujikata, na kisanduku chake kiko nje gatini, kwenye mvua. Waya wa kuvutia umeme usiuache umezungushwa kwenye gurudumu lake, unapata joto hadi kuyeyuka. Ubaya mwingine haupigi kelele: waya wa ethi, ule wa usalama unaoshuka ardhini, unaunganisha boti yako na za majirani wote, maji ya chumvi yanamalizia mzunguko, mnakuwa betri moja. Kinacholiwa ni ile zinki kwenye shafti, kipande kinachofungwa pale makusudi kiliwe badala ya vyuma vingine, na zinki ikiisha linafuata pangaboi. Funga kizuizi cha diodi kwenye waya wa ethi, na zinki ibadilishe ikibaki nusu.

Gesi: mitungi ya Uingereza huku haibadilishwi. Ile midogo ya bluu ya Campingaz ndiyo inayopatikana, kilo 2.75, haifiki hata nusu ya ule wa kilo 6 wa nyumbani. Ufunge kwenye koki ya mtungi hata kwa usiku mmoja, gesi ni nzito, inashuka ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kukaa huko ikikungoja.

Wapwani wenzangu, kusi ya huku si ya kusafiria. Kiangazi kuna maistro, upepo wa kaskazini-magharibi, pole. Baridi upepo wa kusini unaingiza wimbi bandarini. Tunafunga tezi gatini, omo inashikwa na kamba ya kwenye zege chini ya maji, imejaa magamba, vaa glavu. Siku ya kawaida tezi iko mita moja na ukuta. Utabiri ukiwa mbaya, legeza za nyuma, vuta ya mbele, ifike mita mbili, na ngazi inyanyue. Nailoni ya milimita 16 inavutika vizuri, haikatiki katikati. Hukatika inaposugua ukingo wa gati, ivishe kipande cha mpira wa zimamoto.

La choo nitalijibu wiki ijayo, naona mmeuliza wengi kuliko nilivyotarajia. Ngoja nizime hita, niweke birika.